Je, dawa ya kuvu yaweza kuinyima saratani damu?

KUCHA zako zikishambuliwa na kuvu, zikawa nene na kugeuka manjano, huenda daktari akakuandikia vidonge vya itrakonazoli. Ni dawa ya miaka mingi. Labda usilolijua ni kwamba wanasayansi wamekuwa wakiichunguza dawa hiyo hiyo ili waone kama yaweza kusaidia kupigana na saratani.

Ili uelewe sababu, fahamu kwanza jinsi saratani inavyokua. Uvimbe wa saratani hauwezi kupita ukubwa wa milimita moja au mbili bila damu ya kuuletea chakula na hewa. Kwa hiyo huuchochea mwili utengeneze mishipa mipya ya damu, midogo midogo, ya kuulisha. Mwaka wa 1971, Dkt Judah Folkman wa Marekani alipendekeza kwamba mishipa hiyo ikizuiwa, uvimbe utadumaa.

Mwaka wa 2007 Profesa Jun Liu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, walieleza walivyopima katika maabara dawa zaidi ya 2,000 zilizokuwa zikitumiwa kwa maradhi mbalimbali. Itrakonazoli ilizuia kuzaana kwa chembe zinazojenga mishipa ya damu.

Mwaka wa 2013 yakatangazwa matokeo ya majaribio kwa wagonjwa 23 wa saratani ya mapafu. Nusu ya waliopewa itrakonazoli pamoja na dawa ya saratani waliishi kwa takriban miezi 32 au zaidi. Kwa waliopewa dawa ya saratani peke yake, ilikuwa miezi 8.

Lakini usishangilie mapema. Watu 23 ni wachache mno, na majaribio hayo yalikatizwa kabla ya kukamilika. Itrakonazoli haijaidhinishwa kuwa tiba ya saratani.

Basi usikimbilie duka la dawa. Vidonge hivi vyaweza kudhuru ini, na ni hatari kwa mwenye moyo dhaifu. Tena havipatani na dawa nyingi, zikiwemo baadhi ya zile za kupunguza mafuta katika damu na hata za saratani yenyewe. Nayo krimu ya kupaka choa haiwezi kuufikia uvimbe ulio ndani ya mwili.

Ikiwa wewe au jamaa yako anaugua saratani, msiache matibabu ya hospitali. Mwambieni daktari kila dawa inayomezwa nyumbani, hata ile ya kuvu.