Ukijifanya Chizi Kortini Huendi Home: Sheria Iko Hivi

Kuna ile stori ya kila base: msee akifanya noma ajifanye chizi tu, korti itamwachilia. Manze, sahau hiyo.

Tuseme uko Lafey, kule Mandera karibu na mpaka wa Somalia. Brathe yako ameongea peke yake miezi kadhaa, halafu siku moja anaua mtu. Mtaa mzima unajua hakuwa sawa. Korti je?

Korti haijui. Kifungu cha 11 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kila mtu huchukuliwa kuwa na akili timamu hadi ithibitishwe vingine. Na wa kuthibitisha ni nyinyi, sio serikali.

Njia yenyewe iko kifungu cha 12. Lazima ugonjwa wa akili ulikuwepo wakati ule wa tukio, na ulimfanya asielewe anachofanya, au asijue kwamba hafai kukifanya. Kuwa mgonjwa pekee haitoshi. Kama alificha kisu akatoroka, utaulizwa: kama hakujua ni makosa, alikuwa anaficha nini? Na ukijilewesha mwenyewe, kifungu cha 13 kwa kawaida hakikuokoi.

Usichanganye na mtu ambaye ni mgonjwa sasa hivi na hawezi kufuata kesi. Huyo korti inamchunguza kwanza, na kesi inaweza kusimamishwa.

Hapa ndio wengi hushtuka: hata mkishinda, brathe harudi Lafey. Chini ya kifungu cha 166 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, korti husema ana hatia lakini hakuwa na akili timamu. Kisha anazuiliwa hadi Rais aamue. Tarehe ya kutoka hakuna. Ripoti ya kwanza kumhusu inaandikwa baada ya miaka 3, halafu kila miaka 2. Aliyefungwa miaka 10 anajua siku yake, huyu hajui. 2016, Mahakama Kuu ya Meru ilisema kumweka mtu hivyo bila kikomo kunakiuka Katiba.

So ufanye nini? Ambia wakili mapema. Tafuta kadi za kliniki, dawa alizopewa, na majirani waliomwona siku hiyo. Familia nyingi huanzia kwa sheikh, mgonjwa asomewe Kurani. Sawa, na huyo sheikh anaweza kuja kortini aseme alichoona. Lakini ripoti ya daktari ina uzito wake, na Mathari iko Nairobi, mamia ya kilomita kutoka kwenu. Maslaha ya wazee na diya yanaweza kutuliza koo mbili, ila hayamtibu mgonjwa.

Kama kuna mtu kwenu ameanza kubadilika, mpeleke hospitali wiki hii na mweke kadi yake vizuri. Usingoje hadi mtu auawe ndio muanze kuitafuta.