Jani kwa Fungu, Gome kwa Asilimia

Sokoni Kasongo, mashariki mwa Kongo, jani la dawa huuzwa kwa fungu. Mnunuzi huuliza linatibu nini, hutoa franka, basi. Lina nguvu kiasi gani, haulizi: hakuna aliyelipima.

Gome la mkwinini lilikwishatoka katika biashara ya namna hiyo. Kwenye minada ya Amsterdam, shehena za Java zilipimwa kwanza, na bei ikafuata asilimia ya kwinini iliyomo, si uzito mtupu. Bukavu, kampuni ya dawa ya Pharmakina ilijengwa juu ya gome hilohilo.

Jani linalosifiwa kwa kuua vijidudu nalo lina kipimo chake. Sahani ya agari, rojo la kukuzia vijidudu, hupakwa bakteria, tuseme Staphylococcus aureus, yule wa majipu. Juu yake huwekwa kidude cha karatasi cha milimita 6 kilicholoweshwa dawa, kisha sahani hulazwa kwenye joto la nyuzi 37. Kesho yake bakteria wametanda kama utando wa maziwa. Pale dawa iliposhinda pamebaki duara tupu lisilo na utando, linalopimwa kwa rula.

Rula ni rahisi. Ghali ni umeme usiokatika usiku huo, na kurudia jaribio kwa majani ya masika na ya kiangazi. Tena duara si tiba: laboratwari mara nyingi huloweka jani katika alkoholi, nyumbani tunalichemsha kwa maji. Hapo bado hujapima sumu.

Anayeota kuiuzia dunia antibiotiki mpya aikumbuke Achaogen ya Marekani: dawa yake ilipata kibali mwaka 2018, na 2019 kampuni ikafilisika. Njia fupi zaidi ni ya dawa za ngozi. Ufilipino, Senna alata, mti wa maua ya manjano yanayosimama kama mishumaa, umo katika orodha ya mitishamba 10 iliyoidhinishwa na wizara ya afya, na hutengenezwa losheni ya fangasi. Mti huo umeenea katika Afrika ya joto.

Kuhesabu si kugeni Kasongo. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha hesabu za chanjo ya surua na uhai wa watoto wa hapa, kazi ya mradi ulioshirikisha taasisi ya tiba ya Antwerp. Uvumilivu wa hesabu zile ukielekezwa kwenye fungu moja tu la majani, muuzaji atakuwa na jibu, na jibu lina bei.