Stetoskopu na Mtoto wa Haydom

Wanangu, sogeeni. Leo msemaji si mimi. Leo anasema Stetoskopu, yule anayening'inia shingoni mwa madaktari. Haya, Stetoskopu, sema.

"Asanteni. Babu yangu alizaliwa Ufaransa mwaka 1816, pale daktari Laennec alipokunja karatasi ikawa bomba, akasikiliza moyo wa mgonjwa. Mimi nilinunuliwa Dar es Salaam na mwanafunzi wa udaktari. Akaja nami Haydom, mkoani Manyara, kujifunza katika wodi ya watoto. Hospitali ile ipo tangu 1955. Pale utasikia Kiiraqw, utasikia Kidatoga, utasikia Kiswahili.

"Siku moja akaja mama wa Kidatoga, bangili za shaba zimejaa mkononi. Mwanawe wa miezi kumi anakohoa. Mwanafunzi akamsalimu kwa Kiswahili. Mama akatabasamu tu. Hakijui."

Akafanyaje? Umeuliza vizuri, mwanangu! Uliza hivyohivyo kila siku.

"Akatazama kwanza. Mimi akaniacha shingoni. Kwa nini? Uso wangu una baridi. Nikimgusa mtoto atalia, na mtoto anayelia hupumua haraka. Akamwacha mapajani mwa mama, akashika saa, akahesabu kifua kikipanda na kushuka, dakika nzima. Ni kama chungu: kikichemka sana, mfuniko hucheza. Huna haja ya kukiuliza. Pumzi 56! Kwa umri ule, zikifika 50 tayari ni nyingi. Akahofia nimonia.

"Kisha akanipasha joto kiganjani, akampa mtoto anichezee. Mtoto akaning'ata! Ndipo nikasikiliza."

Basi, amemaliza?

"Hajamaliza. Mimi nasikia kifua. Ya jana siyasikii. Je, mtoto ananyonya? Anatapika kila kitu? Alipata degedege usiku? Hayo anayajua mama. Jibu moja likiwa baya, mtoto analazwa.

"Kaka yake mtoto, wa darasa la tatu, akasema atatafsiri. Mwanafunzi akamshukuru sana, lakini akamwita nesi anayejua Kidatoga."

Mbona asimtumie kaka? Kwa sababu mtoto mwenzenu akiogopa huruka maneno, na huo si mzigo wake.

"Mwanafunzi akauliza akimtazama mama, si nesi. Swali moja, jibu moja. Ananyonya. Hatapiki. Degedege hakupata. Basi akaenda kumweleza daktari anayemsimamia, naye akaja akampima tena mtoto, akakubali atibiwe nyumbani: vidonge vya amoksisilini vya kuyeyusha, asubuhi na jioni, siku tano.

"Mwanafunzi hakuuliza, 'Umeelewa?' Kila mtu hujibu ndiyo. Alimwomba mama aonyeshe. Mama akayeyusha kidonge kwa maji safi, akamnywesha mwanawe kwa kijiko, akainua vidole viwili: mara mbili kwa siku. Akaambiwa pia: hali ikizidi kuwa mbaya, arudi upesi, hata usiku."

Asante, Stetoskopu. Nanyi wanangu, mkimsindikiza bibi hospitali naye hajui Kiswahili, waambieni manesi mapema, kabla hajaanza kupimwa, wamtafutie mtu mzima wa kumtafsiria.