Likasi: Moteri ya rotari kwenye ndege ya kujijengea, hewa iingilie mlango gani?

Katika komini ya Panda, mjini Likasi, jimbo la Haut-Katanga, kazi ya chuma si jambo geni. Hapo ndipo zilipo Ateliers Centraux de Panda za Gécamines, ambamo turneri, ajusteri na wayeyushaji wa vyuma wamejifunza ufundi wao, baba kwa mtoto. Mtu akileta piesi iliyovunjika, fundi wa Panda haulizi kwanza itaagizwa wapi. Anauliza: tunaweza kuitengeneza hapa?

Swali hilohilo linaulizwa na watu wanaojijengea ndege ndogo nyumbani, Marekani, Ulaya na hata hapa Afrika. Kwa majirani zetu wa Kenya, Gabriel Nderitu, fundi wa kompyuta wa Nyeri, alijulikana miaka ya 2010 kwa kujenga ndege kwa mikono yake na kuitia moteri ya gari la Toyota. Kila anayefuata njia hiyo anakutana na shida moja: moteri ya ndege iliyonunuliwa mpya ni ghali mno, na ya gari haikutengenezwa kwa ajili ya angani.

Kati ya moteri za gari, iliyowavutia sana wajenzi hao ni ya rotari, hasa Mazda 13B. Ni nyepesi kwa nguvu inazotoa na haina supape. Lakini anayeichagua lazima aamue jambo moja mapema: hewa na esanse vitaingia kwa mlango gani? Jibu baya linaweza kumfanya rubani akose nguvu pale anapozihitaji kuliko wakati wowote.

Moteri isiyo na pistoni

Mjerumani Felix Wankel ndiye aliyebuni moteri hii, na ya kwanza ilizunguka mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Ndani yake hamna pistoni inayopanda na kushuka. Kuna rota ya pembe tatu, mbavu zake zimevimba kidogo, inayozunguka ndani ya chumba chenye umbo la ganda la karanga yenye punje mbili. Kwenye kila ncha ya rota kuna segma inayokwaruza ukuta wa chumba na kuzuia moshi usivuje.

Chumba hicho kimefungwa na vitu viwili. Kuna ukuta unaokizunguka, wa aluminiamu iliyopakwa kromu kwa ndani. Kisha kuna bamba za chuma, moja kushoto na nyingine kulia, kama vifuniko viwili vya sufuria. Mlango wa hewa unaweza kutobolewa kwenye bamba au kwenye ukuta.

Milango miwili, tabia mbili

Mlango wa bamba ndio unaokuja na magari ya kawaida ya Mazda. Ubavu wa rota ndio unaoufungua na kuufunga. Muda ambao mlango wa hewa na mlango wa moshi vinakuwa wazi pamoja ni mfupi sana, kwa hiyo moshi wa zamani haurudi kuchafua hewa mpya. Moteri inashika ralanti vizuri, inawaka bila matata na inavuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole. Katika RX-8, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2003 hadi 2012, Mazda ilihamishia hata mlango wa moshi kwenye bamba, ili milango hiyo miwili isiwe wazi pamoja kabisa.

Ubaya wake ni kwamba hewa inaingia ikikata kona. Mizunguko ikizidi, hewa haipati muda wa kujaza chumba. Na fundi hawezi kuupanua mlango huo apendavyo, kwa sababu kwenye bamba hilohilo ndipo zinapopita segma za ubavu na za kuzuia oili.

Mlango wa ukuta unaingia moja kwa moja, bila kona. Hewa inajaa vizuri zaidi, hasa mizunguko ikiwa mingi. Mazda 787B, iliyoshinda mashindano ya Le Mans mwaka 1991, ilikuwa na rota nne na milango ya aina hii. Lakini kila ncha ya rota inapopita, mlango wa hewa na wa moshi vinakuwa wazi pamoja kwa muda mrefu. Ikiwa rubani amefunga gesi, moshi unarudi nyuma na kuchanganyika na hewa mpya. Moteri inatetemeka, inaruka mioto, na inaweza kuzimika.

Kuna pia njia ya katikati: kutoboa tundu la pili kando ya mlango wa bamba na kuacha daraja jembamba la chuma ambalo segma inapita juu yake. Wenye magari ya mashindano huipenda. Ila daraja hilo likivunjika, vipande vinaingia ndani ya chumba. Gari litasimama kando ya barabara, lakini ndege haina mahali pa kusimama.

Hewa ya Likasi ni nyepesi

Likasi iko mita zipatazo 1,300 juu ya bahari. Kwa kimo hicho, hewa ina uzito wa karibu asilimia 88 tu ya ule wa pwani, na hiyo ni kwa siku ya ubaridi. Tuchukue mchana wa mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, joto likiwa digrii 30. Ukipiga hesabu, hewa inashuka hadi karibu asilimia 81. Kwa ndege, ni kama inaruka kutoka uwanja ulio zaidi ya mita 2,000.

Kwa mfano, 13B ya RX-7 ya mwaka 1989, yenye milango ya bamba na isiyo na turbo, iliandikwa nguvu za farasi 160 kwa mizunguko 7,000. Mchana wa Oktoba hapa Likasi, zitabaki kama 130. Helisi nayo inashika hewa kidogo, na mabawa yanabeba kidogo. Mambo matatu yanapungua pamoja, lakini urefu wa uwanja haubadiliki.

Ndiyo sababu mtu anaweza kusema upesi: tutoboe ukuta, tupate farasi zaidi. Hapo inafaa kwenda polepole.

Ndege si gari

Helisi haipendi kuzunguka haraka. Helisi ya mita 1.8 ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, ncha zake zinakwenda zaidi ya mita 250 kwa sekunde, na zikikaribia mwendo wa sauti zinapiga kelele tu bila kuvuta. Kwa hiyo rotari inafungwa redikteri, yaani gia za kupunguza mizunguko. Tracy Crook wa Florida, aliyerusha RV-4 yake kwa 13B miaka mingi, alitengeneza redikteri za 2.17 na 2.85. Kwa ile ya 2.85, moteri ikizunguka mara 7,000, helisi inazunguka karibu 2,450.

Maana yake ni kwamba ndege haihitaji mizunguko 9,000 ya Le Mans. Inahitaji nguvu ya kudumu kati ya 5,000 na 7,000, saa baada ya saa. Wanaotetea mlango wa ukuta katika ndege wanautoboa mdogo, si mpana kama wa mashindano, ili hewa ibaki na mwendo hata moteri isipozunguka haraka sana. Wanasema pia kwamba ralanti mbaya si shida kubwa: helisi ni mzigo unaotuliza moteri, na ndege haisimami kwenye foleni ya magari.

Hoja hiyo ina ukweli, lakini kuna dakika moja inayosahaulika. Ni pale rubani anaposhuka kutua, gesi imefungwa, kisha anaona ng'ombe au mtoto kwenye uwanja. Anasukuma gesi yote kwa mara moja. Moteri ya mlango wa bamba inapokea kwa urahisi. Ile ya mlango wa ukuta, kama esanse na moto havikupimwa sawasawa, inaweza kukohoa wakati huohuo.

Kazi ya fundi

Kutoboa ukuta pia si kazi ya siku moja. Ndani ya aluminiamu kuna njia za maji ya kupoza. Tundu linapita katikati yake, kwa hiyo lazima litiwe bomba na kuzibwa barabara. Likivuja, maji yanaingia kwenye moteri ambayo tayari inajulikana kwa kuchoka na joto. Mdomo wa bomba lazima ulingane na ukuta, na kromu isimeguke hata kidogo, la sivyo segma za ncha zitakwaruzwa kila mzunguko. Kisha milango ya zamani ya bamba izibwe. Turneri mzuri anaiweza kazi hiyo, lakini hairudishwi nyuma: ukuta ukiharibika, unatafutwa mwingine.

Kwa ndege ya kwanza, basi, njia ya busara ni kubaki na mlango wa bamba uleule uliotoka kiwandani, kuusafisha na kuulainisha bila kuupanua, kisha kutafuta nguvu mahali pengine: kupunguza uzito wa ndege, kuchagua helisi na redikteri vinavyopatana, na kuleta hewa ya nje iliyo baridi badala ya ile iliyopashwa joto karibu na radiateri. Mlango wa ukuta ungoje moteri ya pili, mjenzi akiwa tayari ameijua ya kwanza.

Na kabla ya kuruka, kuna vibali vya Autorité de l'Aviation Civile. Kuna pia jaribio lisilohitaji karatasi: kufunga ndege kwenye nguzo saa saba mchana, mwezi wa Oktoba, kuiacha ralanti dakika kumi, halafu kusukuma gesi yote kwa ghafula. Kisha kurudia, mara hamsini. Ikikohoa hata mara moja, irudi atelie.