Dalali wa kodi akigonga mlango, mtoto asifungue

Ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu yangu saa nne usiku. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayehudumia wazee majumbani katika mji mmoja wa kaskazini mwa England, alikuwa ananong'ona. Alikuwa amezima taa tangu jioni na kuwalaza wanawe wawili sakafuni, mbali na dirisha. Mchana mtu mwenye kamera kifuani aligonga mlango akaacha karatasi kwamba atarudi kuchukua vitu.

Deni lilikuwa la kodi ya halmashauri.

Wengi wetu tuna ndugu waliokwenda huko kwa kazi za uuguzi na ulezi, na kodi hii huwakuta hawajajiandaa. Kule anayedaiwa kwa kawaida ni anayeishi ndani ya nyumba, hata kama ni mpangaji. (Aliyepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya watu wengi ana nafuu, mara nyingi mwenye nyumba ndiye mdaiwa.) Kwetu Tanzania kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU tangu 2021, hata ukitaka kuisahau umeme utakukumbusha. Kule inakuja kwa barua, na dada alikuwa akiziweka barua juu ya friji bila kuzifungua. Anasema alikuwa akirudi zamu ya usiku amechoka, na kila bahasha ilimpa mapigo ya moyo.

Hapo ndipo mambo huharibika. Kodi ya mwaka hulipwa kwa mafungu, kwa kawaida 10. Ukikosa fungu moja, halmashauri hukupa onyo la siku saba. Ukinyamaza, unapoteza haki ya kulipa kidogo kidogo na kodi yote ya mwaka inadaiwa mara moja. Kisha kesi inakwenda mahakama ya mahakimu, gharama zinaongezeka, na halmashauri ikishapata amri inaweza kukata mshahara wako au kulikabidhi deni kwa madalali, ambao wenyeji huwaita beilifu.

Kwa viwango vilivyowekwa 2014, dalali akipokea faili lako na kukutumia notisi, unaongezewa pauni 75. Akifika mlangoni mara ya kwanza, pauni 235 nyingine. Kwa hiyo deni la pauni 400 linakuwa 710 kabla hata kiti hakijaguswa. Ile notisi inakupa angalau siku saba kamili, na siku hizo ndizo za kupiga simu. Dada alizipitisha bahasha ikiwa juu ya friji.

Sasa mlangoni. Kwa deni la kodi hii, dalali anayekuja mara ya kwanza hana ruhusa ya kuvunja mlango, kukusukuma wala kuingiza mguu ili usifunge. Lakini mlango usiofungwa kwa ufunguo anaweza kuupita kwa amani, na ukimkaribisha ndani ukasaini makubaliano ya mali, siku ukishindwa kulipa anaweza kurudi na kuingia kwa nguvu. Ongea naye kupitia dirishani au kwa simu. Saa zake ni kuanzia asubuhi saa 12 hadi usiku saa tatu.

Akikuta nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 16 peke yake, haruhusiwi kuingia. Mwambie mtoto asifungue mlango kwa mgeni yeyote, na umweleze kwa nini kwa lugha ya kawaida: kuna pesa tunadaiwa, mama anashughulikia, hakuna anayekuja kumchukua mtu. Nasema hivi kwa sababu mtoto mdogo wa dada, mwenye miaka sita, alirudia kukojoa kitandani wiki ile. Kwa mtoto aliyekwisha kuacha, hiyo ni dalili inayojulikana ya wasiwasi. Hakuwa ameambiwa lolote, aliona tu mama anazima taa.

Kuna vitu visivyochukuliwa: vitanda, jiko, friji, mashine ya kufulia, meza na viti vinavyotosha familia. Vifaa vya kazi navyo vinalindwa hadi thamani ya pauni 1,350. Gari ndilo la kuangalia, maana liko nje na halihitaji mlango kufunguliwa. Dada analitumia kwenda kwa wazee wake na ni la bei ndogo, kwa hiyo lilikuwa ndani ya kinga hiyo, lakini ilibidi aeleze kwa maandishi. Alieleza pia kwamba analea peke yake. Mzazi wa peke yake, mjamzito, mgonjwa sana au asiyeelewa vizuri Kiingereza anaweza kuhesabiwa kuwa katika hali dhaifu, na dalali anatakiwa kumpa nafasi ya kutafuta msaada.

Asubuhi aliwapigia washauri wa madeni wasiotoza pesa. Wapo Citizens Advice, StepChange na National Debtline. Walimwombea muda wa kupumua wa siku 60, utaratibu uliopo England na Wales tangu Mei 2021, ambao husimamisha madalali na nyongeza za ada. Walipokagua karatasi wakauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: mko watu wazima wangapi hapo?

Mmoja. Mtu mzima anayeishi peke yake, hata akiwa na watoto, anapunguziwa asilimia 25, lakini lazima aombe. Yeye hakuomba tangu ahamie. Halmashauri ilikubali kurudisha hesabu nyuma, na sehemu ya deni ikafutika. Msichanganye punguzo hili na lile la wenye kipato kidogo. Lile la pili huhesabiwa kuwa fedha za umma, na mwenye viza inayokataza fedha za umma asiliombe.

Deni lililobaki analilipa kila mwezi. Barua sasa anazifungua Jumamosi asubuhi na binti yake mkubwa, anayezisoma kwa sauti huku mama akisuka nywele za mdogo.