Mzee aliyehesabu sekunde kwa ulimi mzito

Leo nataka tumkumbuke mtu ambaye huenda hukuwahi kumwona, lakini maisha yake yana somo kwetu tunaoketi kanisani kila Jumapili.

Ni Dick Clark, mtangazaji wa televisheni wa Marekani. Mwaka 1956, akiwa na miaka 26, alikabidhiwa kipindi cha muziki na dansi cha vijana mjini Philadelphia. Mwaka uliofuata kipindi hicho, American Bandstand, kikaanza kuonekana nchi nzima. Vijana walitoka shule, wakaingia studio, wakacheza mbele ya kamera na kuzipa alama nyimbo mpya. Wazazi wengi waliuona muziki wa rock and roll kama mlango wa upotovu. Clark, kwa suti na tai yake, alizungumza na watoto wao kwa heshima, na wazazi wakatulia.

Hakuwa malaika. Miaka ile ya Philadelphia, vijana weusi walipata shida kuingia kucheza katika studio ile, ingawa wanamuziki weusi walipanda jukwaani humo. Tukimkumbuka mtu, tumkumbuke mzima.

Aliongoza kipindi hicho hadi 1989, na sura yake haikuonekana kuzeeka. Wamarekani wakamtania kuwa ndiye kijana mwenye umri mkubwa kuliko wote nchini. Tangu mwaka 1972 alikuwa pia na kipindi cha mkesha wa Mwaka Mpya kutoka New York, akihesabu na watazamaji sekunde za mwisho za mwaka.

Desemba 2004 akapigwa na kiharusi. Mkesha ule mwingine akashika nafasi yake. Lakini mwaka uliofuata alirudi. Maneno yalitoka kwa shida, akawaambia watazamaji kwamba ilibidi ajifunze upya kutembea na kuzungumza. Kisha akahesabu sekunde kama zamani.

Wapo walioona angebaki nyumbani, ikumbukwe sura ile ya ujana. Wapo, hasa waliopatwa na kiharusi, waliofarijika sana. Aliendelea kuonekana kila mkesha hadi ule wa mwisho wa 2011. Aprili 18, 2012 akafariki dunia, akiwa na miaka 82.

Ndugu yangu, sasa geuza macho kanisani kwako. Yuko wapi yule mzee aliyefundisha kwaya miaka 20, kabla mkono wake wa kulia haujakufa ganzi? Mwezi wa kwanza tulikwenda na sukari na unga, tukamwombea. Siku hizi hata somo hatumpi asome. Tunasema, "Mwacheni mzee apumzike." Je, tunamhurumia yeye, au tunaogopa ibada itachelewa?

Zaburi ya 90, ile inayomwomba Mungu atufundishe kuhesabu siku zetu, inaitwa sala ya Musa. Na Musa huyo, katika Kutoka sura ya 4, alimwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu alimpa Haruni wa kumsaidia, lakini hakumwondoa kazini. Hata Clark alipata Haruni wake: kijana Ryan Seacrest alibeba sehemu kubwa ya kipindi, na mzee akabaki na nafasi yake.

Basi wiki hii nenda kwa mzee huyo. Usiende na unga tu, nenda na Biblia, umwombe asome mistari miwili Jumapili ijayo. Kijana mmoja asimame kando yake amshikie kipaza sauti. Akikwama kwenye neno, kanisa lote lisubiri. Dakika hizo tatu hazitaharibu ibada. Huenda ndizo zitakazotufundisha kuhesabu siku zetu, maana ulimi ulio mwepesi leo hauna ahadi ya kesho.