Je, Wajua? Almasi, Popo na Mkoba wa Mchawi

Je, wajua kwamba katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, mpira wa moto wa mchawi hutengenezwa kwa kinyesi cha popo? Kanuni zinataka kidonge kidogo cha kinyesi hicho kikiwa na salfa. Waliobuni walijua walichokuwa wakifanya: kinyesi cha popo kilichokaa mapangoni kilitumika kupatia shura, na shura, salfa na mkaa ndiyo baruti.

Je, wajua kwamba radi nayo ina siri yake? Katika toleo la 2014 mchawi alishika kipande cha manyoya na fimbo ya kaharabu au kioo. Sugua kaharabu kwa manyoya utapata umeme tuli.

Ili asionekane, mchawi anahitaji unywele wa kope uliofunikwa kwa gundi ya mgunga, ile ile inayovunwa kwa wingi Sudan na kutiwa kwenye soda.

Je, wajua kwamba masharti ya uchawi ni matatu? Maneno, ishara za mikono na vitu. Yaliwekwa bayana katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, na kila sharti ni mlango ambao adui anaweza kuufunga. Mzibe mchawi mdomo, mfunge mikono au mnyang'anye mkoba, na sehemu kubwa ya nguvu zake imekwisha. Askari wa upanga hupiga kutwa nzima bila gharama. Masharti haya ndiyo yanayomzuia mwenzake mwenye vitabu asimpite mbali mno. Upo hata uchawi wa kuzima kila sauti ndani ya futi 20 kila upande, na akinaswa humo, asiyeweza kutamka hawezi kuroga.

Je, wajua kwamba mwaka 1978 kutambua kifaa cha ajabu kulikuwa adhabu? Lulu ya sarafu 100 za dhahabu na unyoya wa bundi viliwekwa kwenye divai, mchawi akainywa, kisha akameza samaki mdogo akiwa hai. Katika toleo la 2014 lulu na unyoya vimebaki, ila haviliwi na uchawi: ukinunua mara moja, imetosha. Hata hivyo, katika toleo hilo mchawi aliyeanza kwa kutupa dadu za fedha alipata sarafu kati ya 40 na 160, kwa hiyo lulu hiyo moja iliweza kummalizia mfuko.

Je, wajua kwamba mezani ni wachache wanaohesabu popo? Toleo la 2000 lilileta mkoba wa sarafu 5 unaochukuliwa kuwa na kila kitu kisicho na bei. Mwaka 2014 mkoba ukafika sarafu 25, na fimbo au jiwe maalumu likaruhusiwa kushika nafasi yake. Naunga mkono kwa moyo wote. Kumkatiza mtu katikati ya vita ili aonyeshe ana miguu mingapi ya panzi ni kuua mchezo bila kuongeza mizani yoyote.

Lakini almasi, ambazo zina bei? Hapo msilegeze hata kidogo. Kumrudisha aliyekufa ndani ya dakika 1 kunateketeza almasi za sarafu 300. Akipita hapo, mpaka siku 10, ni almasi ya 500; mpaka miaka 100, ya 1,000; na ufufuo mkuu kuliko wote, wa mpaka miaka 200, unakula almasi za 25,000. Hebu fikiria kundi lenye almasi za kumrudisha mtu mmoja tu, wawili wamelala chini, na dakika hiyo ni mizunguko 10 ya sekunde 6 kila mmoja. Wachezaji wanatazamana, nani arudi? Swali hilo lipo kwa sababu mtu aliandika idadi ya almasi kwenye karatasi yake. Msimulizi anayeongoza mchezo akisahau kuhesabu amefanya kifo kuwa usumbufu mdogo, na anayeamua sonara wa mji ana almasi ngapi ameshika usukani wa hadithi nzima bila kubadilisha kanuni hata moja.

Toleo la 2008 liliviondoa vitu vya uchawi kwenye mapigano, likaviacha kwenye matambiko ya taratibu.

Je, wajua, mwisho kabisa, kwamba uchawi mkubwa kuliko wote, ule wa kutaka jambo likawa, hauhitaji popo wala almasi? Ni maneno matupu. Bei yake iko kwingine: ukiutumia kwa jambo lisilo la kuiga uchawi mwingine, unadhoofika siku kadhaa, na kuna asilimia 33 kwamba hutaweza kuutamka tena maisha yako yote.